Sahani ya upande wa pili wa waya

Wasikilizaji wa Kalemie, na ninyi ndugu zangu mulio katika kambi za wahamaji ao katika nyumba za watu waliowapokea, wengi wenu munanijua kwa sauti tu. Munanisikia asubuhi nikisoma bei ya unga, bei ya mikebuka, barabara iliyokatika na mashua iliyochelewa. Leo sina habari ya namna hiyo. Nataka kuwaeleza juu ya chakula, tena chakula cha mahali ambapo wengi wetu hatuingii: nyumba ya kilabu cha gofu. Musicheke kwanza. Mwishoni kuna tangazo, na yule ninayemtafuta anaweza kuwa jirani yenu.

Mwezi uliopita redio ilinituma kwenye semina ya waandishi wa habari, siku tatu, katika mji wa migodi kule Katanga ya kusini nilikokulia. Tulipaswa kujifunza namna ya kuhoji watu waliokimbia vita bila kuwaongezea hatari. Barua ya mwaliko ilikuwa ya kawaida: tarehe, saa, gharama ya safari, mahali pa kulala. Kisha mstari mmoja: mafunzo yatafanyika katika ukumbi wa kilabu cha gofu, na chakula cha saa sita kitatolewa hapohapo kwenye baraza. Nilisoma mstari ule mara mbili nikiwa nimesimama. Baraza lile nalijua tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Najua lina nguzo ngapi. Ila sikuwahi kukaa juu yake hata dakika moja.

Sitataja jina la kilabu wala la mji. Kosa lililomo katika hadithi hii ni langu mwenyewe, sitaki kulibandika mahali pengine.

Kwa mtu wa Lubumbashi, neno Golf si mchezo, ni mtaa. Kuna Golf Plateau, kuna Golf Météo, kuna Golf Lido. Unaweza kupanda basi la kwenda Golf miaka yote bila kuona fimbo hata moja. Katika mji wetu mdogo gofu ilikuwa gofu: uwanja wa majani ulioachwa na Wabelgiji, waya kuuzunguka, miti ya kalitusi, na katikati nyumba ndefu ya paa jekundu. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie ndani ya shimo, kisha anaenda kwenye shimo linalofuata, mpaka afikishe 18. Hesabu hiyo ya 18 ilianzia St Andrews, kule Uskoti, mwaka wa 1764, na dunia yote ikaifuata. Kuyamaliza yote kwa miguu kunachukua saa nne na zaidi. Uwanja wetu ulikuwa na mashimo 9 tu, kwa hiyo walizunguka mara mbili, na kila mzunguko uliwarudisha mbele ya nyumba ya kilabu. Ndiyo maana hakuna gofu bila jiko. Mtu aliyetembea saa nne juani anatoka na njaa ya mkulima, hata kama hakushika jembe. Wachezaji wenyewe wanaita baa «shimo la 19», na kwa niliyoyaona, kuna waliokuja kwa ajili ya shimo hilo tu.

Papa alikuwa mfanyakazi wa kampuni kubwa ya migodi. Waliokulia katika kambi za wafanyakazi wanajua kwamba katika Kiswahili chetu cha Katanga siku ya sita ya juma inaitwa siku ya posho, kwa sababu ya mgao wa unga na vitu vya kupikia ambao wafanyakazi walipewa tangu wakati wa wakoloni. Babu yangu aliipata posho hiyo. Papa pia aliipata. Mimi nilikuta jina la siku tu. Mwaka wa 2003 wazee zaidi ya 10 000 waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa «departi volonteri»: unatia sahihi, unapewa feza mara moja, unarudi nyumbani. Papa alitia sahihi. Alinunua mashine ya kusaga mahindi, mashine ikavunjika, na feza ikaisha kabla hatujaelewa kwamba imeanza kuisha. Ilipofika 2005, mama alikuwa anapima unga wa bukari kwa kikombe cha chai. Bukari, kwa ninyi wa Kivu, ni ule munaouita ugali ao bugali.

Yaya mmoja wa mtaani ndiye aliyenipeleka kwenye gofu kuwa kadi. Sisemi kadi ya uchaguzi. Kadi ni yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, anautafuta mpira ukipotea kwenye majani, na ananyamaza mtu akikosa. Siku ya posho na siku ya yenga tulikaa chini ya kalitusi, watoto thelathini hivi, tukingoja kidole cha mchezaji. Mzunguko mmoja ulilipwa franka 500. Ukiitwa mizunguko miwili, umekuwa tajiri. Mara nyingi waliitwa kumi, na ishirini wakarudi nyumbani jua likizama, na harufu ya jikoni ndani ya nguo.

Harufu ndiyo iliyotufundisha majina ya vyakula. Kuki wa kilabu alikuwa mzee mmoja wa Kiluba, mwenye kofia nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya chai. Dirisha la jiko lake lilitazama upande wetu. Saa nne asubuhi ilikuwa omleti na vitunguu. Saa sita ilikuwa bifteki, halafu friti, na friti ndizo zilizotutesa kuliko vyote, kwa sababu mafuta yakipata moto harufu inafika mpaka kwenye shimo la 7. Jioni ilikuwa krokmesye: mkate, hamu, jibini juu yake, vyote ndani ya tanuri mpaka jibini lichemke. Nilibeba mifuko mwaka mzima nikidhani krokmesye ni jina la mzungu fulani anayependa mkate.

Wachezaji hawakula namna moja. Baada ya sheria mpya ya migodi ya mwaka wa 2002, wageni wa kila aina waliingia Katanga, na kila mmoja alikuja na tumbo lake. Mzee mmoja wa Kibelgiji, aliyebaki tangu zamani, alikula omleti ileile mahali palepale bila kusema na mtu. Kulikuwa na Muhindi mwenye duka la vipuri aliyekuja na samusa ndani ya bati la biskuti. Kwenye shimo la 5 alisimama, akafungua bati, akala mbili, akanipa mbili. Alikuwa mchezaji mbaya kweli, mipira yake yote iliishia majini, lakini tuligombana kwa ajili ya mfuko wake. Mwingine alitoka Afrika Kusini, mtu wa mashine kubwa za mgodini. Huyo alibeba mfukoni nyama kavu anayoiita biltong, akaikata kwa kisu kidogo akitembea. Alinipa kipande siku ya kwanza, nikakitafuna kutoka shimo la 6 mpaka la 9 bila kukimaliza. Nilifikiri ni mkanda.

Na kulikuwa na karanga. Karanga za chumvi katika visahani vidogo, pamoja na Simba baridi, bia yetu ya Katanga. Tuliona mtu akizungumza, mkono wake ukienda kwenye kisahani bila yeye kuutazama, ukirudi kinywani, ukienda tena. Yule anakula bila kujua kwamba anakula. Sisi chini ya mti tulikuwa tunamhesabia.

Chakula chetu kilikuwa upande wa pili wa waya.

Karibu na shimo la 4 waya ulikuwa umetoboka, na hapo nje, kando ya njia ya mchanga mwekundu, alikaa mama mmoja na makala yake. Tulimwita Mama Tomson, kwa sababu ya ule samaki wa bahari wa kugandishwa ambaye sisi sote tunamjua. Jina lake la kweli sikuliuliza. Mtu aliyenilisha karibu mwaka mzima, na sikuuliza.

Alimkata tomson mmoja vipande vitatu, kichwa, katikati na mkia. Alikaanga kwanza, kisha akarudisha vipande ndani ya mchuzi wa tomati na vitunguu mpaka mafuta yaelee juu. Pembeni palikuwa na lengalenga aliyoipika na unga wa karanga, na pilipili katika kikopo cha mayonezi kisichokuwa na mayonezi. Bukari yake ilikuwa ngumu, ya mahindi na mihogo kidogo, aliyoifinyanga kwa kikombe chenye maji ili itoke mviringo. Kichwa na bukari kilikuwa franka 100. Mkia 150. Katikati ilikuwa 200, nami sikuwahi kuila. Nimekula samaki wengi tangu hapo, na mikebuka ya ziwa letu ni samaki bora kuliko tomson, hilo sibishani na mtu. Lakini mchuzi ule, ukiwa umebeba mfuko wa fimbo tangu saa moja asubuhi, ulikuwa unashuka mpaka magotini.

Alifika mwisho wa mwaka 2005, pamoja na watoto watatu na mdogo wake wa kike. Walitoka upande wa Mitwaba. Wakubwa wanakumbuka miaka ile: Manono, Mitwaba na Pweto, pembetatu ambayo watu waliiita ya mauti, Mai-Mai upande huu, wanajeshi upande ule, na vijiji katikati. Yeye hakutueleza kama hadithi. Alieleza vipandevipande, akigeuza samaki. Kwamba walitoka usiku. Kwamba mahindi yalibaki shambani yakiwa yamekauka tayari, yanangoja tu kuvunwa. Kwamba sufuria aliibeba yeye mwenyewe kichwani, na njiani ilianguka katika mawe, sikio moja likatoka. Ndiyo sufuria hiyohiyo aliyopikia mbele yetu, sufuria ya sikio moja, akiishika upande ule mwingine kwa kitambaa.

Sasa muone jambo hili. Mama aliyekimbia vita, anayelala na watoto wake katika chumba cha kukopeshwa, ndiye aliyetukopesha sisi watoto wa mji.

«Mutoto, ulikula?»

«Bado, mama. Hawajaniita.»

«Kula kwanza. Utalipa siku ya posho.»

Hakujua kuandika. Deni aliliweka juu ya kartoni kwa kipande cha kala, na kila mtoto alikuwa na alama yake. Mmoja alikuwa na nyota, mwingine jembe, mwingine macho mawili. Mimi alinichora duara na mstari mmoja chini yake. Nilipouliza ni nini, alisema: «Njo weye. Kichwa na shingo, basi.» Nilikuwa mwembamba kweli. Wenzangu walinibandika jina hilo mpaka nilipoacha kazi. Chini ya alama aliongeza mistari, mirefu kwa mkia, mifupi kwa kichwa.

Katika mwezi wa tano 2006, Gédéon Kyungu, mkubwa wa Mai-Mai, alijisalimisha kule Mitwaba kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Habari ilifika haraka, wakati ule kila mtu alikuwa na sikio kwenye redio. Mama Tomson akaanza kusema juu ya kurudi. Alitaka kufika kwao kabla ya mvua, alime, apande. Ilihitajika feza ya kamio kwa watu watano. Alituita sote karibu na waya, akatuonyesha kartoni, akasema kwa upole kabisa kwamba kila mmoja alipe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Mimi nilikuwa na mistari 18, kumi ya mkia na minane ya kichwa. Franka 2 300, kama dola tano za wakati ule. Nilimwambia, «Nitalipa, mama,» na nilisema kweli. Siku ile nilikuwa na nia.

Siku ya posho iliyofuata palikuwa na shindano. Baridi ya kiangazi, majani yamekuwa ya manjano, magari yamejaa mbele ya kilabu. Mimi nilimbebea yule wa Afrika Kusini, naye akashinda. Alifurahi kama mtoto. Aliingiza mkono mfukoni, akanipa noti bila kuzihesabu. Mimi nilizihesabu. Zilikuwa franka 3 000.

Munaweza kuhesabu pia. Lipa 2 300, inabaki 700, peleka kwa mama yako. Nilihesabu hivyo nikiwa ninatembea. Njia ya kwenda shimo la 4 inapita nyuma ya jiko. Dirisha lilikuwa wazi, na kuki alikuwa anatoa kuku ndani ya mafuta.

«Wee kadi, unataka nini apa?»

Nilisema ninataka kuku na friti. Alicheka. Nikaonyesha feza. Akaacha kucheka, akaniuliza ni ya nani, nikasema ni yangu. Alinitazama muda mrefu. Nafikiri alijua, maana naye alikuwa anamtuma mtoto wake kwa Mama Tomson kununua bukari. Bei ilikuwa 2 500. Aliweka paja moja na friti juu ya sahani nyeupe, sahani ya kweli ya kilabu, akaongeza kijiko cha mayonezi, akanipitishia dirishani. «Kula kule nyuma, wasikuone. Na sahani irudi.» Nilinunua pia koka kwa 300.

Nilikula nyuma ya nyumba ya mbolea, nimechutama. Watu wananiuliza wakati mwingine chakula gani nilichokula sikisahau, nami huwa nasema samaki wa mama yangu. Ni uongo. Ni kuku yule. Nakumbuka kwamba friti zilipoa haraka kwa sababu ya baridi. Nakumbuka mayonezi, mara yangu ya kwanza, nikadhani imeharibika kwa sababu ilikuwa chungu kidogo kama maziwa yaliyolala. Nakumbuka nilivunja mifupa yote, nikafyonza, na harufu ya mbolea ilikuwa inaingia katika kila kipande. Wala kuku hakuwa mtamu sana. Dada yangu mdogo alikuwa nyumbani. Sikumwachia kitu.

Nilibaki na franka 200. Nilirudisha sahani, nikatoka kwa njia ya shimo la 7, ile ndefu, ili nisipite mbele ya sufuria ya sikio moja.

Juma lililofuata nilisema nina mitihani. Juma la pili pia. Mtoto akiwa na haya, kila siku anaongeza deni juu ya deni. Niliporudi mwezi wa saba ukielekea mwisho, palikuwa na mawe matatu meusi na majivu. Wamekwisha kwenda.

Ndivyo nilivyokuwa nafikiria juu ya basi nikienda kwenye semina. Tulipofika, mlinzi aliyefungua mlango alinisalimia kwa kunyanyua kofia, kwa sababu ya beji niliyovaa shingoni. Baraza lina nguzo nane, kama zamani. Walitupanga kwenye meza zenye vitambaa. Katika mapumziko ya saa nne walileta samusa, na mimi peke yangu ndiye niliyecheka. Saa sita ilikuwa bufe: kuku, tilapia, friti, wali, sombe. Nilichukua kila kitu isipokuwa kuku.

Juu ya meza palikuwa na karatasi ya vyakula vya kila siku kwa wale wasio wa semina. Nilisoma kwa mazoea yangu ya kusoma bei. Krokmesye bado ipo. Na chini, katika sehemu iliyoandikwa «vyakula vya kwetu», nikakuta: bukari, tomson katika mchuzi wa tomati, lengalenga. Dola 12. Kwa hiyo mwishowe samaki yule alivuka waya, akapanda baraza.

Usiku, katika chumba cha wageni, nilitafuta kwenye simu watu wa nchi nyingine wanakula nini kwenye gofu. Kule Augusta, Marekani, ambako matajiri wa mchezo huu wanakutana kila mwaka katika mwezi wa nne, chakula kinachosifiwa kuliko vyote ni mkate wenye jibini lililochanganywa na pilipili tamu, unaouzwa dola 1,50. Watu wanaula wamesimama kwenye majani, na wakirudi kwao wanausimulia. Nilifurahi kusoma hilo, sijui kwa nini hasa.

Siku ya mwisho nilitoka kabla ya cheti kutolewa, nikaenda mpaka shimo la 4. Waya umebadilishwa na ukuta. Mtu mmoja alikuwa anamfundisha mama wa kizungu kushika fimbo, na alipogeuka tulitambuana sote wawili kwa wakati mmoja. Ni yule wa alama ya jembe. Alibaki, akakua, leo ndiye anayefundisha mchezo. Tulikumbatiana, tukaulizana watoto wangapi, kisha nikamuuliza juu ya Mama Tomson.

Alinyamaza kidogo. Akasema kamio la kwanza lilimwacha, kwa sababu feza haikutosha kwa watu watano. Aliondoka na la pili, karibu majuma mawili baadaye, na majuma yale mawili aliendelea kupika. Watoto karibu wote walilipa.

«Alikuuliza mara mbili,» alisema. «Ule mutoto wa kichwa na shingo, eko mugonjwa? Tulimwambia hatujui. Siku ya mwisho alikufungia sahani kabisa, katikati ya samaki, na bukari, ndani ya mfuko. Alisema kama unaumwa, tukupelekee nyumbani.»

Nikamuuliza sahani ile ilienda wapi.

«Niliikula,» akasema. «Ulikuwa unakaa mbali.»

Tulicheka, kwa kweli tulicheka sana, mpaka yule mama wa kizungu akatutazama. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Alijua jambo moja zaidi. Vita vilirudi kule baada ya Gédéon kutoroka gerezani Lubumbashi mwaka wa 2011, na watu wa Mitwaba walitawanyika tena. Rafiki yangu alisikia kutoka kwa dereva mmoja kwamba mdogo wake Mama Tomson anauza chakula karibu na ziwa, upande wa Pweto ao Kalemie. Dereva hakuwa na uhakika. Lakini Kalemie ni kwangu. Inawezekana nimepita mbele ya meza yake na kinasa sauti mkononi, nikamuuliza bei ya unga.

Niliporudi, niliwaeleza jambo hili akina mama watatu wanaouza chakula pale ninapokula saa sita, wote watatu wahamaji. Nilitaka ushauri wa hesabu. Franka 2 300 za mwaka 2006 leo ni kama dola moja, haitoshi hata sahani nusu. Wa kwanza alisema nihesabu kwa sahani, si kwa franka: sahani 18, na kwao sahani ni 5 000. Wa pili alisema niongeze feza ya kamio lililomwacha. Wa tatu, mzee kuliko wote, alikuwa anaosha vyombo, nikadhani hasikilizi. Akasema: «Na ile aliyokufungia? Ni 19.» Nikamwambia ile aliila mwenzangu. Akajibu kwamba hilo ni shauri langu na mwenzangu, mama yule hahusiki.

Basi, hili ndilo tangazo.

Anatafutwa mama aliyekimbia kutoka upande wa Mitwaba mwisho wa mwaka 2005, pamoja na watoto watatu na mdogo wake wa kike, akauza bukari na tomson karibu na waya wa uwanja wa gofu katika mji wa migodi wa Katanga, mpaka mwezi wa saba 2006. Sufuria yake ilikuwa na sikio moja. Watoto walimwita Mama Tomson, jina lake mwenyewe halijulikani kwa anayemtafuta. Yeye, ao mdogo wake, ao mmoja wa watoto wake ambao leo ni watu wazima, afike kwenye mlango wa redio asubuhi yoyote baada ya habari. Asilete kitambulisho. Achore tu ile alama ya mtoto ambaye hakulipa. Bahasha iko ndani ya meza yangu, na ndani yake kuna franka 95 000. Feza ya kamio tutaihesabu pamoja.